Majani Saba Juu ya Maji

Alikuwa akichora amevaa tai. Kila mtu aliyemfahamu angekuambia hilo kwanza, na mimi sioni sababu ya kuanza na jingine. Shati jeupe, tai ya buluu iliyokoza, viatu vimeng'arishwa, mikono ya shati imekunjwa mara mbili, kamwe si mara tatu. Sisi wanafunzi wake tulijifunga aproni za jikoni na bado tulirudi nyumbani na rangi masikioni. Yeye alitoka darasani kama alivyoingia. Siku moja nilimuuliza siri yake ni nini, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Mutoto wangu," alisema, "rangi inajua mutu mwenye haiheshimu."

Tulimwita Papa Fundi. Jina alikuwa nalo, bila shaka, na lilikuwa kwenye kadi ndogo alizochapishiwa pale Porte de Namur, mjini Brussels, chini yake pameandikwa artiste peintre, mchoraji, kwa herufi za kujipindapinda. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo, ukimwondoa mleta barua. Alitoka Lubumbashi kama mimi. Anderlecht tulikaa katika jengo moja la nyumba za kijamii, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya saba, na kila Jumamosi mchana alifundisha kuchora kwa rangi za mafuta huko Berchem-Sainte-Agathe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikihudumia wazee, kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha, na nilijiunga na darasa lake kwa sababu nilitaka saa mbili kwa wiki ambazo hakuna mtu anayeniita.

Darasa lile lilikuwa na somo moja tu. Miaka minne niliyokaa pale tulichora kitu kilekile: maji yaliyotulia, na ukingoni miti wanayoiita bouleau, ile myeupe yenye gome jembamba linalobanduka, katika automne, majira ya majani kupukutika. Mwenzetu mmoja, mama wa Bukavu aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko brashi yake, aliomba tuchore angalau sahani ya matunda. Papa Fundi alimjibu kwa adabu kwamba tukimaliza maji tutakwenda kwenye matunda. Hakuna aliyewahi kumaliza maji.

Maji ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wake. Watu wengi huchora miti kwanza, kisha hushusha vivuli vyake majini. Yeye alianzia chini. Aligeuza turubai kichwa chini miguu juu, akavuta rangi za miti ambayo bado haipo, wima, kisha akachukua brashi pana iliyo kavu na kuipitisha kutoka upande huu hadi ule, mara moja tu, kwa mkono usio na uzito. Ukipitisha mara ya pili umepata matope. Nilipata matope mwaka mzima wa kwanza. Halafu aliirudisha turubai sawasawa, akakaa kwenye kiti akiipa mgongo, akatoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea ndevu na kuitazama picha kupitia bega lake.

"Macho yako inakupenda," alitufundisha, "inaficha makosa yako. Kioo haikujue."

Na kulikuwa na sheria ya mafuta. Safu ya kwanza ya rangi uiyeyushe kwa tapentaini, iwe nyepesi. Kila safu inayofuata iwe na mafuta zaidi kuliko iliyo chini yake. Ukigeuza, ukaweka nyepesi juu ya yenye mafuta, picha itakaa vizuri mwaka mmoja, pengine miwili, kisha ya juu itapasuka na kubanduka. Sheria hii aliirudia kila Jumamosi, hata siku tulizokuja kuosha brashi tu. Mama wa Bukavu alikuwa akiisema pamoja naye, neno kwa neno, akiiga hata kikohozi chake.

Miti ile aliipata kwenye kalenda. Kule Lubumbashi, akiwa bado kijana, kampuni fulani ilitundika ofisini kalenda ya Ulaya, na ukurasa wa mwezi wa kumi ulikuwa na maji na bouleau. Mwaka ulipokwisha akauomba. Aliuchora ukurasa ule miaka na miaka, juu ya magunia ya unga yaliyopakwa gundi, na sebule za Lubumbashi zikajaa miti ambayo hakuna mwenye sebule aliyewahi kuiona, mchoraji mwenyewe akiwemo. Kwetu ilikuwepo moja, juu ya redio. Nilikua nikiitazama bila kujua kwamba siku moja nitaishi jengo moja na aliyeichora.

Alipofika Brussels ilimchukua miezi kabla hajakutana na miti ile ana kwa ana. Nilikuwepo. Tulishuka metro kituo cha Bizet, tukatembea hadi kwenye mabwawa ya Neerpede, ambako Anderlecht inakwisha na ng'ombe wanaanza. Alipoiona alivua kofia.

"Bonjour, papa," aliuambia mti. "Miaka yote nilikuwa nakuchora bila tuonane."

Kisha akasogea, akaweka vidole juu ya gome, na nikaona uso wake ukibadilika. Gome lile lina alama nyeusi, mistari na mabaka, kutoka chini hadi juu. Aliyasugua kwa kidole gumba. Hayakutoka. Basi akanieleza, polepole, kwamba kwenye kalenda alama hizo zilikuwepo pia, lakini alidhani ni uchafu wa mtambo wa kuchapia, na kwa sababu alikuwa mtu msafi hakuzichora. Miti yote ya Lubumbashi aliichora myeupe pepe, haina hata doa.

Tulirudi kwa metro ileile. Wiki ile aliandika barua kwa fundi mwenzake aliyebaki kule, akamtajia nyumba zote alizozikumbuka, akamwomba apite na kopo la rangi nyeusi, abishe hodi, aongeze alama. Jibu lilichukua muda kufika. Baadhi ya watu walikubali. Wengi walimfukuza, wakisema wamezizoea picha zao zikiwa safi na hawaoni kwa nini zichafuliwe. Papa Fundi aliisoma barua hiyo mbele yetu darasani. Sisi tulicheka mpaka mama wa Bukavu akaketi sakafuni, na yeye akangoja tumalize.

"Nyinyi mucheke," alisema. "Miye niliwadanganya batu ndani ya nyumba yabo."

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja, na hakuificha. Kila mwaka mwezi wa kumi na moja ukumbi mmoja wa mtaa ulifanya maonyesho ya wachoraji wa kawaida, watu wa madarasa ya jioni na ya Jumamosi kama sisi. Alitaka picha yake itundikwe pale. Kuuza hakujali.

"Nataka mutu moja tu," aliniambia tukiwa kwenye lifti, "mutu mwenye alizaliwa na hii miti. Asimame mbele, aseme: ndiyo, njo yeye. Alors nitajua kama sikudanganya tena."

Nisije nikamchora kama mtakatifu, maana hakuwa. Alichukia baridi na kuilalamikia kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, lakini alikwenda kuchora Neerpede amevaa makoti mawili, pua inachuruzika, na ukimwambia mje ndani alikwambia ndani hakuna maji. Alitukataza kuanika brashi kwenye radieta ya kupasha chumba joto, na radieta ya kwake ilijaa brashi. Hakuvumilia kusifiwa, ukimsifu alikagua viatu vyako. Lakini usipomsifu alikaa kimya njia nzima, na ukimuuliza ana nini anasema, bon, sawa, hana kitu. Alikuwa mkaidi, mwenye kununa, na mwenye mkono wa kutoa. Siku nilipopata habari ya msiba wa mama yangu alipanda kwa ngazi kutoka ghorofa ya tatu hadi ya saba, kwa kuwa lifti iliharibika, akiwa na sufuria ya bukari, ugali wa kwetu, na mboga, akakaa nami hadi jioni. Nilimpenda mzee yule, na nilimpenda kabla ya siku hiyo.

Sasa, tatizo la picha zake. Maji yalikuwa maji kweli. Magome, baada ya Neerpede, yalikuwa magome. Ni majani. Aliyachora mekundu, ya shaba, yanayong'aa, yamesimama kwenye ncha za matawi, na hata moja halikuanguka. Chini hapana jani, maji matupu. Mtu yeyote wa Katanga angeelewa mara moja. Kwetu, kabla ya mvua ya kwanza, msitu wa miombo ukiwa bado na kiu, miti huchomoza majani machanga, nayo huzaliwa mekundu. Rangi ya kijani huja baadaye. Wekundu kwetu ni mwanzo. Mama wa Bukavu, ambako misitu ni mingine, alikodoa macho mbele ya turubai na kusema alichokiona.

"Papa Fundi, hii automne yako iko na mimba."

Kila mtu alicheka, na yeye pia kidogo, lakini hakubadili kitu. Mimi nilimkumbusha kwamba mwenyewe ndiye anayetuambia tuchore kilicho mbele yetu, na mbele yetu, kule Neerpede, nusu ya majani yalikuwa yanaelea.

"Najua," alisema. "Naona. Lakini ku kwetu nyekundu njo kuzaliwa. Nikichukua brashi niiweke chini, mukono inakatala."

Kamati ya maonyesho iliikataa picha yake mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili pia, safari hii kwa barua ya kistaarabu: maji mazuri sana, lakini hayo si majira yaliyotajwa katika jina la picha, majani yote ni mapya na hakuna lililoanguka. Aliikunja barua mara nne, akaitia katika kisanduku cha rangi, na kila alipokifungua nilimwona akiisogeza pembeni ili achukue rangi nyeupe.

Mwaka wa tatu alichora iliyo bora kuliko zote. Nasema hivyo nikiwa nimeziona zote. Majani mekundu, yamesimama, ya ukaidi uleule. Wiki ya kupeleka picha, kifua kikamlaza hospitali. Nilimkuta amekaa wima kitandani, bila tai, na hilo lilinitisha kuliko mashine zilizokuwa pembeni yake.

"Utapeleka wewe," alisema. "Vile iko. Usiongeze kintu."

Nikaitikia ndiyo, papa.

Nilikwenda kuichukua katika chumba cha kanisa, siku moja kabla ya mwisho. Niliiweka kwenye kiti nikaitazama. Nilijua wataikataa. Nilijua barua itamkuta na kifua kile, na sikuwa na uhakika kwamba kutakuwa na mwaka wa nne. Nilivua koti. Nilichanganya njano na kahawia kidogo, nikachukua kisu chake kidogo cha rangi, nikaweka juu ya maji majani saba. Ili yakauke kabla ya asubuhi niliyeyusha rangi kwa tapentaini tupu. Sheria ya mafuta niliikumbuka vizuri kabisa, nikaivunja huku nikiisema moyoni. Niliosha kisu, nikakirudisha mahali pake, nikafunga mlango.

Picha ilikubaliwa.

Alitoka hospitali siku ya ufunguzi na kuja moja kwa moja, koti juu ya koti, tai shingoni. Picha ilikuwa imetundikwa mahali pazuri, karibu na dirisha. Alisimama mbele yake. Kisha akatoa kile kioo chake, akaipa mgongo, akaitazama kupitia bega lake kwa muda mrefu mno, watu wakimzunguka na glasi zao. Nilitamani sakafu inimeze. Alikirudisha kioo mfukoni.

"Bon," alisema. "Chai iko wapi?"

Hakusema zaidi, si siku hiyo wala baadaye. Niliishi na "bon" ile. Nilikuwa nimempa alichokitaka na kumwibia papo hapo, kwa maana kama mtu aliyezaliwa na miti ile angesimama pale na kusema ndiyo, angekuwa anasema ndiyo kwa majani yangu. Mara ngapi nilishuka hadi ghorofa ya tatu kumwambia, nikaishia kuomba chumvi. Picha aliirudisha nyumbani akaitundika sebuleni, na nikajifunza kukaa kwenye kiti kinachoipa kisogo. Majira yote ya baridi hakunigeuzia turubai nichore hata mara moja. Alinipa kazi ya gundi, colle kama alivyoiita. Kila Jumamosi nilichemsha gundi na kupaka turubai za darasa zima, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku wenzangu wakichora. Mama wa Bukavu aliniuliza nimemkosea nini mzee. Nilimwambia nimepandishwa daraja, kwamba gundi ni somo la wakubwa. Nadhani niliamini hivyo, siku nyingine.

Kisha nikapata kazi Liège nikahama. Nilimpigia simu sikukuu, naye alinisimulia hali ya hewa.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa miaka kadhaa baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, karne ikielekea ukingoni. Darasa lilikwisha fungwa. Macho yake yalikuwa yamepungua, alinitambua kwa hatua zangu kwenye korido. Alikuwa amevaa tai, ndani ya nyumba, kwa ajili yangu. Nilikwenda nikiwa nimeapa kwamba leo nitasema, na kwa mara ya kwanza nikaketi kwenye kiti kinachoitazama picha.

Juu ya maji yalibaki majani mawili. Mahali pa matano mengine pangeonekana hapana kitu, kama nisingekuwa najua pa kutazama.

"Papa," nilisema, "ile picha. Mimi ndiye—"

"Majani yako ilianguka," alinikatiza. "Automne ya kweli."

Aliniruhusu nilie kidogo. Kisha akauliza, kwa sauti ya Jumamosi, kama alinifundisha kuweka tapentaini peke yake juu ya mafuta. Nikasema hapana, papa. Na kwa nini yote saba yana kimo kimoja, ya mbali na ya karibu? Nikasema sijui, papa.

"Ile maji ilisikia haya," alisema. "Nilikasirika sana. Ile baridi ya colle, ulifikiri ni masomo?"

Nikamuuliza kwa nini hakuyakwangua basi. Kisu alikuwa nacho, na rangi nyepesi kama ile ingetoka kwa dakika moja. Alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Siku ya tatu ya maonyesho alirudi peke yake. Bibi mmoja mzee, mwenye mkoba wa magurudumu wa kwenda sokoni, alisimama mbele ya picha mpaka akavua glavu. Papa Fundi akamsogelea akamuuliza kwa Kifaransa kama kuna kosa. Bibi akasema alizaliwa Ardennes, kusini mwa nchi, kando ya bwawa lenye miti hiyo, na kwamba ndiyo yenyewe. Papa Fundi akaomba amwonyeshe ni wapi hasa. Bibi akanyoosha kidole juu, kwenye majani mekundu. Akasema kuna siku chache, kabla hayajaanguka, jua likiwa limeinama juu ya maji, ambapo yanaonekana hivyo hasa, kana kwamba ndiyo kwanza yanatoka. Alikuwa hajaona mtu mwingine aliyeliona hilo.

"Kisha akashusha kidole," alisema Papa Fundi. "Akauliza: mais monsieur, hii saba, nani aliiweka?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuambia: mutoto wangu."

Alikohoa kile kikohozi chake, na nilipotaka kusema kitu alinyanyua mkono.

"Miaka mine ulikuwa unachora kintu yenye nilikuambia. Ile siku ulichora yako. Mubaya, lakini yako. Nikwangue juu ya nini? Bon. Chukua kioo, uangalie kazi yako vile inafaa."

Kioo cha kunyolea kilikuwa mezani. Niliipa picha mgongo, nikainua kioo juu ya bega, na kwa mara ya kwanza nikaitazama yote, taratibu, kutoka juu hadi chini: majani mekundu, magome na alama zake, maji, majani yangu mawili ya kimo kimoja. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na sahihi yake nyekundu niliyoizoea. Chini ya sahihi kulikuwa na herufi mbili ndogo ambazo sikuzijua. Kioo kilizigeuza, nikashindwa kuzisoma, ikabidi niinuke niende karibu.

Zilikuwa herufi za kwanza za majina yangu.

"Uliziandika lini, papa?"

"Ile baridi ya colle," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nilikuwa ningali na hasira."

Nilizigusa kwa ncha ya kidole. Hazikuwa na ufa hata mmoja. Alikuwa ameweka mafuta ya kutosha.